Nani Atamfunza Mwanagenzi?

Agosti 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, akiwemo Erik Brynjolfsson, walitoa uchunguzi uliotokana na kumbukumbu za mishahara ya mamilioni ya wafanyakazi. Walibaini kwamba tangu mwishoni mwa 2022, katika kazi zinazoguswa zaidi na akili mnemba, kama vile utengenezaji wa programu na huduma kwa wateja, ajira za vijana wa miaka 22 hadi 25 zilishuka kwa asilimia 13 zikilinganishwa na kazi nyingine. Wakongwe wa kazi hizo hizo hawakutikisika. Hapo ndipo penye hatari. Mashine imemeza yaliyoandikwa vitabuni, na hayo ndiyo mtaji wa mhitimu mpya; ujuzi unaoiva kwa miaka ya kukaa kazini bado haijaushika. Mwajiri anayefunga mlango wa chini leo anaokoa mishahara michache, lakini anajinyima wakongwe wa kesho.

Wapo wanaosema mchawi ni riba iliyopanda Marekani mwaka 2022, baada ya kampuni za teknolojia kuajiri kupita kiasi wakati wa Uviko. Hoja hiyo ina uzito, ila watafiti waliondoa athari za misukosuko ya kila kampuni, na pengo kati ya vijana na wakubwa likabaki. Wengine hutaja utafiti wa 2023, wa Brynjolfsson huyo huyo na wenzake, ulioonyesha kuwa wahudumu wapya wa wateja waliosaidiwa na akili mnemba walitatua asilimia 34 zaidi ya matatizo kwa saa. Ni kweli, na ni habari njema, lakini kwa aliyekwisha kuajiriwa. Aliye nje ya mlango haimsaidii.

Nairobi haiko mbali na haya. Vijana wengi wameanzia riziki kwenye kazi za mtandaoni: kuandika makala, kugeuza sauti kuwa maandishi, kujibu wateja wa ng'ambo. Wengine walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kuisaidia mifumo ya OpenAI, kampuni ya akili mnemba, kutambua maneno machafu, kama jarida la Time lilivyofichua Januari 2023. Waliisomesha mashine, nayo sasa inagombea kazi zao.

Waajiri nchini Kenya hutozwa shilingi 50 za mafunzo kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Serikali izielekeze fedha hizo kwa ofisi zitakazompokea mhitimu, zimkabidhi kwa mkongwe na kumlipa anapojifunza.