Locatelli, Aliyewapelekea Warusi Opera ya Kuchekesha

Watu wakizungumzia opera hutaja watunzi na waimbaji. Mimi namtaja kwanza Giovanni Battista Locatelli, Mwitaliano ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafuta waimbaji hao, kuwasafirisha na kuwalipa.

Mwaka 1757 aliwasili St. Petersburg na kundi lake, kwenye himaya ya Malkia Elizabeth wa Urusi. Opera yenyewe haikuwa ngeni pale. Tangu 1736 kasri lilikuwa likionyesha opera za Francesco Araja, zile nzito za wafalme na mashujaa wa kale, kwenye sherehe za watawala. Locatelli alikuja na nyingine kabisa, iliyokuwa imeiteka Venice: wajakazi wajanja, wazee wakaidi, mabinti wanaotaka kuolewa na wawapendao.

Mojawapo ya opera hizo ni “Il mondo della luna”, muziki wa Baldassare Galuppi, maneno ya Carlo Goldoni. Mnajimu tapeli anamnywesha mzee Buonafede dawa ya usingizi. Mzee anazinduka bustanini, anaambiwa yuko mwezini, anaamini! Na huko “mwezini” anawaoza binti zake kwa wanaume ambao duniani asingewakubali. Fikiria kicheko hicho mbele ya watu waliozoea kuona miungu jukwaani.

Linalonigusa zaidi, hata hivyo, liko mlangoni. Locatelli aliuza tiketi, rubli moja kwa mtu. Matajiri walikodi vibanda vyao ukumbini kwa mwaka mzima, wakavipamba kwa hariri na vioo. Malkia mwenyewe alikuja kutazama. Nimeongoza kikundi cha taarabu kwa muda mrefu, najua usiku wa kuhesabu viti vitupu huku wapigaji wanasubiri haki yao. Ndiyo maana namheshimu mtu huyu.

Mwaka 1759 akafungua ukumbi mwingine Moscow. Mwanzoni watu walimiminika, kisha wakapungua, na gharama hazikupungua. Elizabeth akafariki katika majira ya baridi ya 1761 kuingia 1762, kumbi zikafungwa kwa maombolezo, Locatelli akafilisika.

Opera ya kuchekesha haikuondoka naye. Mwaka 1765 Galuppi mwenyewe aliwasili kwa mwaliko wa Malkia Catherine wa Pili, na mwaka 1782 Giovanni Paisiello akatoa St. Petersburg “Il barbiere di Siviglia”, iliyokuja kupendwa Ulaya nzima. Wote wawili walilipwa mshahara na kasri. Locatelli, aliyewatangulia, alikuwa ameubeba mzigo wa madeni mwenyewe.