Makutano na Mkutano

Maneno haya mawili yana asili moja, yaani kitenzi kukutana, lakini tusiyachanganye tunapofafanua Maandiko. Katika usemi wa kila siku, makutano ni mahali ambapo barabara mbili, au mito miwili, hukutana. Mkutano ni watu walioitwa pamoja kwa kusudi, mahali na wakati uliowekwa.

Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, hutumia makutano kwa maana nyingine: umati wa watu waliomfuata Yesu, kama katika Mathayo 5:1 na 9:36. Lakini Israeli, taifa lililoitwa na Mungu, huitwa mkutano, kama katika Kutoka 12:3. Kijana ajuaye makutano ya barabara tu aweza kuikosa maana hiyo. Basi mhubiri na amweleze.

Tofauti hii ina uzito katika utumishi wetu. Katika makutano kila mtu huja na haja yake. Mkutano huja kwa kuitwa. Yesu aliyahurumia makutano bila kungoja yawe mkutano. Je, sisi nasi huwahurumia wapitao njiani, au twawatunza walio mkutanoni tu?