Toleransi si uvumilivu

Katika Kiingereza, neno moja hutumika kwa mtu anayechukuliana na imani za wengine na kwa kipimo cha shafti. Ndiyo sababu tafsiri za miongozo ya mashine huwa na "uvumilivu wa shafti". Msomaji wa Kiswahili hapo ataelewa uwezo wa chuma kuhimili mzigo, ilhali mchoro unasema jambo jingine: kipimo kimeruhusiwa kuzidi au kupungua kwa kadiri iliyotajwa. Afadhali kuandika *toleransi* (ngeli ya I-/ZI-), na inapotajwa mara ya kwanza kuifafanua kuwa ni tofauti ya kipimo inayoruhusiwa.

Neno jingine linaloponza ni *nafasi*. Katika mfumo wa ISO 286, tundu la kipenyo cha milimita 25 lenye alama H7 huwa kati ya 25.000 na 25.021. Shafti yenye alama g6 huwa kati ya 24.980 na 24.993; toleransi yake ni 0.013. Nafasi ni ile inayobaki shafti ikishaingia tunduni, inayoifanya icheze: hapa ni 0.007 kwa uchache na 0.041 kwa wingi. Sasa tazama shafti ya p6. Toleransi yake ni ile ile 0.013, lakini huwa kati ya 25.022 na 25.035, haina nafasi hata chembe, huingizwa kwa kushindiliwa. Mtafsiri akiiandikia "nafasi 0.013", fundi ataikereza iwe ndogo kuliko tundu, na chuma kilichokwisha kukerezwa hakirudi.

Kipenyo peke yake hakitoshi. Shafti yaweza kupimwa popote ikawa sahihi, nayo imepinda. Kwa hiyo ISO 1101 huongeza toleransi za kijiometri, zinazohusu umbo, mwelekeo na mahali. Hapa *usawa* ni neno la kuepukwa, kwani hubeba mengi mno: ulalo wa sakafu, kulingana kwa vipimo, hata haki za watu. Yafaa *unyoofu* kwa mstari, *ubapa* kwa uso, *uduara* kwa mkato wa shafti, *usambamba* kwa nyuso mbili. "Ubapa 0.05" humaanisha kwamba uso wote uwe kati ya bapa mbili sambamba zilizoachana kwa milimita 0.05. Unene wa kipande una toleransi yake yenyewe.