MBEGU NI YA NANI?

Maadui wa mkulima wa pamba ni wengi, lakini hapana amshindaye funza wa vitumba. Mdudu huyu hutoboa kitumba kingali kibichi, akala yaliyomo, na jasho la msimu mzima likapotea. Kwa miaka mingi silaha kubwa ya mkulima imekuwa dawa ya kunyunyizia, silaha ambayo humla fedha na kuidhuru afya yake.

Sayansi imeleta silaha nyingine. Yuko bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, aliyegunduliwa Japani mwaka 1901 katika viwavi wa hariri waliokuwa wakifa. Bakteria huyu hutengeneza protini ambayo ikifika katika utumbo wa kiwavi huutoboa, naye huacha kula na kufa. Wataalamu waliichukua jeni inayotengeneza protini hiyo wakaitia ndani ya mmea wenyewe, na tangu mwaka 1996 pamba ya namna hii imelimwa kwa biashara huko Marekani.

Je, Mwafrika aipokee mbegu hii ama aikatae? Kabla ya kujibu yatupasa tuitazame Burkina Faso.

Nchi hiyo ilianza kuwauzia wakulima wake pamba hiyo mwaka 2008, kwa mapatano na kampuni ya Kimarekani ya Monsanto, iliyokuwa na haki ya jeni. Kwa upande wa funza ahadi ilitimizwa. Mkulima aliyezoea kunyunyizia dawa mara sita kwa msimu alinyunyizia mara mbili tu, na mavuno yakaongezeka. Katika miaka michache pamba hiyo ilienea katika zaidi ya nusu ya eneo lote la pamba nchini.

Lakini ilipofika viwandani, makampuni ya kuchambua pamba yaliona kwamba nyuzi zake ni fupi kuliko zile zilizoipatia nchi hiyo sifa. Nyuzi fupi hupata bei ndogo katika soko la dunia. Jeni ilikuwa imetoka katika aina ya pamba ya Marekani, nayo kazi ya kuizalisha pamoja na aina za Burkina Faso haikuendelezwa hata sifa zote za aina hizo zirudi. Kufikia msimu wa 2016 pamba hiyo iliachwa kabisa, na mkulima akarudi kwenye bomba lake la dawa.

Sasa tuitazame Nigeria. Huko adui ni funza wa maganda ya kunde, ambaye aweza kuharibu hata asilimia 80 ya mavuno. Watafiti wa Chuo cha Utafiti wa Kilimo cha Zaria waliitia jeni ya namna hiyo katika kunde za kwao wenyewe. Haki ya kuitumia ilitolewa bila malipo, kwa juhudi za shirika la AATF lenye makao yake Nairobi. Kunde hizo zilikubaliwa mwaka 2019, na mkulima ana ruhusa ya kuweka mbegu akapanda tena mwaka ufuatao.

Ndugu wasomaji, jeni ni za namna moja, lakini mapatano ni mbali mbali. Twasema basi kwamba mbegu isihukumiwe kwa jina lake. Kenya iliruhusu pamba ya namna hii mwaka 2019. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mazao ya jeni mwaka 2021. Kila serikali ina haki ya kuamua, lakini uamuzi wowote hauna budi kutoka katika mashamba ya majaribio, mbele ya wataalamu wetu, na ukapimwa toka shambani hata kiwandani.

Wala mkulima asidanganywe kwamba mbegu hii ni dawa ya milele. Huko India, iliyoanza kuilima pamba hii mwaka 2002, funza mwekundu ameizoea protini yake na kurudi kula. Ndiyo maana hushauriwa kupanda pembeni pamba ya kawaida, ili funza wasiozoea wasiishe.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbegu hii ni mgeni. Vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi na wabunge wauulize mkataba wake kabla ya kumfungulia mlango: nani atamiliki mbegu, nani ataipima, na nani atalipa ikiharibika? Mgeni asiyeweza kujibu hayo na angoje nje.