«Na sisi tulikuwa wapi?» Kufundisha historia ya dunia kuanzia sahani ya bugali



Mimi ni agronomu. Nilitoka univasite na lisensi ya kilimo, nikatafuta kazi ya kilimo, nikapata kazi ya ualimu. Wengi wenu munaijua hiyo njia. Ku shule moja ya sekondari huku Kivu ya Kusini walinipa biolojia, halafu prefe akaniambia: «Mwalimu wa historia ameenda. Chukua na masaa yake.» Nikachukua.

Trimesta ya kwanza nilifundisha sawa vile nilivyofundishwa mimi mwenyewe. Niliandika noti za Kifaransa ku tablo, wanafunzi wakakopia, wakashika kwa kichwa. 1492, Christophe Colomb. 1885, Mkutano wa Berlin unamalizika. 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia. Ku interogasio walirudisha tarehe zote vizuri. Lakini siku nilipoongeza ulizo moja fupi, «Kwa nini?», karatasi nyingi zilirudi nyeupe. Halafu binti mmoja wa humanite ya tatu, anayekaaga nyuma na hasemi mingi, akanyoosha mkono: «Mwalimu, hii mambo yote inapita kule Ulaya. Na sisi tulikuwa wapi?»

Siku ile sikuwa na jibu. Leo niko na kipande cha jibu, na ninataka kuwagawia, juu wengi wenu munafundisha tayari ao mutafundisha kesho, hata kama hamukusomea ualimu.

Tuanze na sahani

Somo lililofuata niliacha noti. Niliuliza: «Jana mangaribi mulikula nini?» Wakacheka. Bugali ya mihogo. Maharagi. Sombe. Mwingine mahindi ya kuchoma, mwingine viazi vya kizungu. Nikaandika yote ku tablo, halafu nikauliza: «Kati ya hivi, kipi ni cha kwetu tangu mwanzo?» Wote wakasema: vyote, isipokuwa viazi vya kizungu, juu jina lenyewe linasema.

Kumbe hapana hata kimoja. Mihogo ilitoka Brazili. Mahindi yalitoka Meksiko. Maharagi yetu yalitoka Meksiko na milima ya Andes. Na viazi «vya kizungu»? Wazungu wenyewe walivipata kwa wakulima wa Peru na Bolivia. Mutama na ulezi ndivyo vya Afrika kweli, na siku ile hakuna aliyevitaja.

Mwanafunzi mmoja akauliza: «Njo kusema sisi tunakula Amerika kila siku?» Ndiyo. Na sasa tarehe 1492 ikapata maana. Mbele ya hapo hakuna mutu wa huku aliyejua bugali ya mihogo. Kama hivyo, 1492 si siku ya kuzaliwa ya Wazungu peke yao. Iko ndani ya chungu cha mama.

Mihogo na barua ya mfalme

Kutoka pale unaweza kuvuta kamba polepole. Wareno walifika ku mdomo wa mto Kongo katika miaka ya 1480. Katika karne ya 16 wakaleta mihogo kutoka Brazili. Mmea huo ukapendwa juu unavumilia udongo uliochoka, na unaweza kubaki chini ya ardhi miezi mingi. Mutu anayekimbia vita anaweza kurudi na kukuta chakula chake bado kiko. Huku kwetu hakuna mwanafunzi unayepaswa kumufafanulia hilo.

Lakini meli zilizoleta mbegu hazikurudi tupu. Katika mwaka 1526 mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo alimwandikia mfalme wa Ureno João wa Tatu, akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake kila siku, hata watoto wa wakubwa na ndugu zake mwenyewe. Barua hiyo ingaliko mpaka leo. Jumla, biashara ya watumwa ya Atlantiki ilipakia watu zaidi ya milioni 12 kutoka Afrika, na zaidi ya milioni 5 walitoka ku pwani ya Kongo na Angola. Unga wa mihogo ulitumika kulisha mateka ndani ya meli zile zile.

Hapo darasa lilinyamaza. Mmea moja ulituokoa na njaa, na ulisaidia pia kutupeleka utumwani. Wakati mwanafunzi anaona mambo hayo mawili pamoja, ameanza kuelewa historia.

Viazi: ugonjwa ao utawala?

Watoto wa wakulima wa viazi wanajua mildiu. Majani yanakuwa meusi, yananuka, na ndani ya siku chache shamba limeisha. Katika mwaka 1845 ugonjwa huo ulifika Irlandi, ambako maskini walikuwa wanakula karibu viazi tu, na wengi walipanda aina moja tu iliyoitwa Lumper. Mpaka 1852 watu karibu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama, wengi wao kuenda Amerika. Mbele ya njaa inchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8.

Kama agronomu ningesimama hapo: aina moja, ugonjwa moja, hatari kubwa. Lakini somo la historia linapashwa kuenda mbali zaidi. Wakati watu walikuwa wanakufa, nafaka ziliendelea kutoka ku bandari za Irlandi kuenda kuuzwa Uingereza, juu udongo ulikuwa wa matajiri na mkulima alipaswa kulipa kodi. Niliuliza darasa: «Ni ugonjwa ulioua watu, ao ni utawala?» Walibishana mpaka kengele ikalia, na kesho yake wakaendelea mbele nifungue mdomo.

Kinkina: Vita ya Pili ya Dunia ku mlima wetu

Huku kuna watoto ambao babu zao walibandua maganda ya kinkina ku plantasio. Mti huo pia ulitoka Andes. Katika mwaka 1865 mbegu nzuri sana zilichumwa Bolivia na Manuel Incra Mamani, aliyemtumikia Mwingereza Charles Ledger. Waholanzi wakazinunua, wakazipanda Java. Mamani alifungwa na kupigwa kwa sababu ya mbegu za kinkina, akafa. Java ikawa tajiri: mbele ya vita ilikuwa inatoa karibu asilimia 90 ya kwinini ya dunia.

Katika Machi 1942 Japani ikakamata Java. Askari wa Marekani na wenzao walikuwa wanapigana ndani ya misitu yenye malaria, na dawa imefungwa ku upande wa adui. Basi wakatafuta maganda ya kinkina kila pahali, na plantasio za Kivu zikawa na bei. Kwa hiyo babu aliyepanda mlima na mzigo wa maganda alikuwa ndani ya Vita ya Pili ya Dunia, hata kama hakuona Mjapani hata mmoja.

Nilimtazama yule binti wa nyuma. «Ulizo lako njo hilo,» nikamwambia. «Tulikuwa hapa hapa.»

Maulizo mane

Sasa kila somo ninalipitisha ndani ya maulizo mane. Kitu hiki kilitoka wapi? Nani alikileta, na kwa njia gani? Nani alipata faida, nani alilipa? Na la mwisho: unajuaje?

Lile la mwisho njo gumu na njo la maana kupita yote. Mwanafunzi mmoja alisema babu yake anahakikisha mihogo ilikuwa huku tangu Mungu aumbe dunia. Sikucheka babu ya mutu. Nilimueleza kwamba muzee anashuhudia aliyoyaona yeye na baba yake, na ni kweli kwamba wote wawili walikuta mihogo. Lakini kuna ushahidi mwingine: ndugu za mihogo za porini, zile ambazo hakuna aliyezipanda, ziko Amerika ya Kusini, na Afrika hatuna yale yaliyozaa muhogo. Tukaweka ushahidi wa muzee pembeni ya ushahidi wa mmea, tukauliza kila mmoja unafika wapi.

Munajua kwa nini ninasukuma ulizo hilo. Simu za wanafunzi wetu zinajaa sauti za watu wanaoeleza nani alifika wa kwanza ku mlima gani, nani ni mgeni, nani afukuzwe. Huku kwetu historia ya uongo inaua. Kijana aliyeshika tarehe tu kwa kichwa ataamini sauti yoyote inayosema kwa nguvu. Kijana aliyezoea kuuliza «unajuaje?» juu ya muhogo anaweza kuuliza vilevile juu ya ile sauti.

Sisemi tutupe programu. Egzame ya Serikali inangoja, na tarehe bado zinatakiwa. Ninazitoa kila wiki. Tena si kila somo linapita ndani ya chungu: Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 nilianzia ku bei ya mkate mjini Paris, lakini haki za binadamu nilipaswa kuzifafanua bila chakula. Na kazi ya kutayarisha ni nyingi, kwa mshahara munaoujua.

Lakini wewe uliyesomea uchumi, anza na bei ya chumvi. Wewe wa afya, anza na chanjo. Wewe wa mambo ya madini, Shinkolobwe na bomu la Hiroshima la 6 Agosti 1945 vinakungoja. Kila mmoja wetu yuko na mlango wake. Ingia nao ndani ya darasa, na mtoto akikuuliza «na sisi tulikuwa wapi?», usifanye sawa mimi siku ile ya kwanza. Uwe na jibu.