Kutu katika hita ya maji: Dalili za kutambua mapema

WAKAZI wa ghorofa za zamani za Kariakoo na Kisutu, jijini Dar es Salaam, wanaotumia hita za maji za umeme, wanaweza kugundua kutu kabla tangi halijatoboka.

Maji ya kahawia yakitoka upande wa moto pekee, chanzo mara nyingi ni tangi. Yakitoka pande zote mbili, mabomba ya chuma huchunguzwa kwanza.

Ndani ya tangi la chuma huwamo fimbo ya magnesi, ambayo huliwa na kutu badala ya tangi. Maji ya visima yenye chumvi huimaliza upesi.

Maji yakivuja kwenye maungio, hurekebishwa. Yakivuja kwenye tangi lenyewe, hita hubadilishwa. Yakifikia nyaya yaweza kuua, hivyo umeme uzimwe kabla ya kumwita fundi.