Fedha za Hisani na Dawa ya Kala-azar

Zamani mkulima wa Rapsu aliyeshikwa na kala-azar alipaswa kudungwa sindano kila siku kwa muda wa siku 30. Mwezi mzima mfereji wake wa maji hukosa mwangalizi, na mbuzi wake huwa mikononi mwa jirani. Ugonjwa huu, unaoonekana katika sehemu za Isiolo, huenezwa na usubi apendaye kukaa katika vichuguu. Huvimbisha wengu na kukondesha mwili, na usipotibiwa huua karibu kila aliyeupata.

Viwanda vya dawa havikuona faida kubwa katika maradhi ya maskini. Kwa hiyo mwaka 2003 lilianzishwa shirika la hisani liitwalo DNDi, lenye makao Geneva. Miongoni mwa waanzilishi wake ni KEMRI ya Kenya, na Madaktari Wasio na Mipaka, waliotoa sehemu ya fedha za Tuzo ya Nobel waliyoipata mwaka 1999.

Fedha hizo hazitolewi kama sadaka ya Ijumaa, kwa kila anyooshaye mkono. Kwanza huandikwa dawa inayotakiwa iwe ya namna gani: iponye, isidhuru, isiwe ghali, tena iweze kutumika katika hospitali iliyo mbali na mji. Kisha mapendekezo hupimwa na baraza la wataalamu, nalo huwashauri wakuu wa shirika. Hata fedha zikiisha kukubaliwa, hakuna mgonjwa anayeguswa mpaka kamati ya maadili ya nchi yake iridhie, na yeye mwenyewe aelezwe kwa lugha aijuayo na kukubali kwa hiari. Akikataa, hanyimwi matibabu. Pengine sharti hili lina thamani kuliko fedha zenyewe.

Kwa njia hiyo, kati ya 2004 na 2010, wagonjwa zaidi ya 1,100 wa Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia walishiriki katika uchunguzi. Ilionekana kwamba dawa ya zamani, stibogluconeti, ikiunganishwa na paromomaisini, huponya kwa siku 17 sawa na ilivyoponya peke yake kwa siku 30. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliikubali tiba hiyo. Mkulima alirudishiwa siku 13, ingawa alidungwa sindano mbili kila siku, nazo zina maumivu makali.

Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2022, ulipunguza sindano hizo ziwe moja kwa siku, kwa siku 14, pamoja na vidonge vya kumeza.